Ugomvi wa Intaneti Nyumbani



Jioni moja mwezi uliopita tulimsikia kijana wetu wa miaka 15 akipiga meza na kufoka chumbani. Alikuwa akicheza mpira wa kompyuta na wenzake kwa njia ya intaneti, na kila alipotaka kupiga shuti mchezaji wake aliganda. Tulimwendea kwa maneno makali: asiyeweza kutawala hasira zake na azime mchezo. Akanyamaza. Kesho yake akatuambia taratibu kwamba mchezo hukwama saa mbili usiku tu, sisi tukisharudi kutoka kazini. Tulichukia kidogo, lakini alisema kweli. Simu yetu, kila ilipopata waifai ya nyumbani, ilikuwa ikituma video za semina ya akina mama kwenye hifadhi ya mtandaoni, wala hatukujua.

Wengi tunadhani dawa ni kununua kifurushi cha kasi zaidi. Si lazima. Mchezo wenyewe hutumia intaneti kidogo sana kuliko sinema. Unachotaka ni ujumbe mdogo uende na kurudi upesi. Fikirini zahanati: mtoto amekuja kuchomwa sindano moja, kazi ya dakika mbili, lakini mbele yake wameketi watu ishirini. Nesi ni mwepesi, ila foleni ni ndefu. Video zetu ndizo zilikuwa foleni. Tena katika nyumba nyingi njia ya kutuma ni nyembamba kuliko ya kupokea, hivyo hujaa mapema.

Basi tulizima simu isitume picha yenyewe. Sasa tunaiwasha tunapokwenda kulala. Kisha tulinunua waya wa mita 10 kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, maana hewani kila simu na televisheni, hata za jirani, hugombea nafasi. Kama waya haufiki, ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri lakini husongamana, na oveni ya maikrowevu huyavuruga. Ya gigahezi 5 yafaa mtoto akiwa karibu na ruta. Ruta iwe mahali pa wazi. (Ya kwetu tuliifunika kitambaa cha kufuma kwa urembo, joto lake lilitushtua!) Baadhi ya ruta zina pia sehemu ya kupanga foleni, mara nyingi yenye herufi QoS. Mwambieni fundi aweke kiwango kilicho pungufu kidogo ya kasi mnayopata kweli.

Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kuliondoa, nalo ni umbali. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka Dar es Salaam hadi Ujerumani ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 70, na kwa kawaida huzidi. Mchezo ukiwa na kituo Afrika Kusini, mtoto achague hicho.

Waefeso sura ya 6 ilitusuta. Tulimwomba kijana radhi mezani, wadogo zake wakisikia. Saa ya kuzima haijabadilika: saa tatu na nusu, kisha sala.