Mpingo wa Rangi ya Viatu

Mwaka jana niliingia katika duka moja la vinyago jijini Nairobi nikiandamana na mwanafunzi wangu, mzaliwa wa Wamunyu kaunti ya Machakos. Muuzaji alitutolea kinyago cha swara, cheusi tititi, akaapa kuwa ni mpingo halisi. Nilipokishika nilishangaa jinsi kilivyokuwa chepesi, ilhali mpingo ni mzito hata huzama majini. Mwanafunzi alikigeuza, akakikwangua kidogo kwa ukucha chini ya kwato, na weupe ukajitokeza.

"Mwalimu, huu ni mjakaranda," akaninong'oneza. "Hata baba hupaka rangi ya viatu. Dalali hataki cheupe."

Ni nani aliyetufunza kuuonea haya mti na jina lake? Mjakaranda asili yake ni Amerika Kusini, na mwarobaini ulitoka upande wa Bara Hindi. Miti hiyo imewalisha wachongaji wetu tangu mpingo na muhugu ianze kuadimika, nami sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na jina la uongo. Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kukomaa, na tangu Januari 2, 2017 biashara ya kimataifa ya mbao zake imo chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Kinyago kilichopakwa rangi kinapouzwa kwa bei ya kutupa, mnunuzi hudhani ati mti huo umejaa tele porini. Naye fundi aliyeuchonga mpingo wenyewe, akaumia mikono kwa tezo, hana la kujitetea akidai bei inayomstahili.

Sisi watu wa lugha nasi tuna lawama. Tafuta jina la mti katika kamusi zetu; aghalabu utaambiwa ni "aina ya mti", basi! Ilhali mchongaji anajua kwamba kiini cha mpingo, ambao Wakamba huuita muvingo, ni cheusi, na kwamba kimezungukwa na ukanda wa manjano ambao ukiachwa uonekane ni cheti tosha. Maarifa hayo ndiyo maana ya neno lenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili aliye karibu na mafundi hawa amwalike mmoja wao darasani, wanafunzi wayaandike maelezo yake: uzito, harufu, rangi, matumizi. Vyama vya wachongaji navyo viandike jina la mti chini ya kila kinyago. Mwarobaini uitwe mwarobaini. Mpingo tuuhifadhie vitu vidogo, bangili na vifungo, huku tukipanda miche yake kwa ajili ya wajukuu.

Mwanafunzi wangu nilimpa kazi ya kukusanya majina ya miti kwa baba yake. Juma lililopita aliniletea ukurasa wa kwanza. Mbele ya neno "mjakaranda" ameandika: mweupe, mwepesi, hupakwa rangi nyeusi kwa amri ya dalali.