Maneno Mawili ya Kiingereza: "Give up"

Mwanafunzi wa Salamabila aanzaye Kiingereza hukutana upesi na maneno mafupi: "give up". Kamusi humwambia kuwa "give" ni kutoa, na "up" ni juu. Basi huandika "kutoa juu", na wenzake humcheka. Wasimcheke. Hata sisi twasema kukata shauri, wala hakuna kisu. Maneno yakiungana huzaa maana mpya.

Maana yake ya zamani ni kumkabidhi mwingine kitu, kama askari waachao ngome mikononi mwa adui. Huko ndiko kusalimu amri. Kisha ikaja maana ya kuacha: mtu aliyezoea tumbaku aiacha. Tena yupo aliyechoka hata kujaribu. Huyo amekata tamaa. Waingereza hutumia maneno hayo hayo kwa mtu anayefariki, yaani aitoa roho. Nasi twasema amekata roho.

Hapa wengi huuliza: Tamaa si mbaya? Mbona twaambiwa tusiikate? Neno hili lenye asili ya Kiarabu ni la Kiswahili, lugha iliyoenea Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani, iliyofanya makao Nyangwe na Kasongo. Nalo lina nyuso mbili: ni uchu wa mali, tena ni tumaini. Aliyekata tamaa amekata tumaini, si uchu.

Jambo hili si la darasani tu. Kwetu Kabambare, karibu na dhahabu ya Namoya, kijana aweza kuacha masomo na kushuka shimoni. Mwingereza atasema: "He gave up school", basi. Kiswahili chatudai zaidi. Je, ameacha kwa hiari yake? Amesalimu amri kwa sababu ya karo? Au amekata tamaa ya masomo, ndipo akafuata tamaa ya dhahabu?

Enyi wazazi, kila jibu lina dawa yake. Wa kwanza ahitaji shauri, wa pili msaada, wa tatu mtu wa kumrudishia tumaini. Fimbo moja haitawafaa wote watatu. Mfasiri mwema huuliza maana kwanza, ndipo huandika. Na mzazi mwema huuliza kwanza, ndipo hukemea.