Kompaila haikuulizi cheti, inakuuliza matokeo

Vijana wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya na miji yote inayouzunguka Mlima Kenya tuna imani moja inayotuumiza: kwamba bila karatasi ya chuo hakuna mlango wa teknolojia utakaofunguka. Wazazi wametuambia hivyo, walimu wametuambia hivyo, na matangazo ya kazi yanarudia wimbo uleule. Mimi nasema kuna mlango uko wazi, hauna bawabu, na ni wachache mno kati yetu wanaousukuma. Mlango huo ni kuendesha majaribio ya kompaila.

Usiondoke bado. Nitaeleza polepole.

Kompaila ni programu inayochukua msimbo ulioandikwa na binadamu kwa lugha kama C, Rust au Go na kuugeuza kuwa maagizo ambayo kompyuta inaweza kuyatekeleza. Chukua simu ya Android iliyo mkononi mwako. Sehemu kubwa ya mfumo wake ilipitia kompaila inayoitwa Clang, ya mradi wa LLVM ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka wa 2000. Kompyuta nyingi za Linux nazo zinategemea GCC, kompaila ambayo Richard Stallman aliitoa kwa umma mara ya kwanza mwaka wa 1987. Zote mbili ni programu huria. Msimbo wake wote uko wazi, unaupakua bure, unaufungua, unausoma, na ukiweza unaurekebisha.

Sasa fikiria kompaila ikikosea. Aliyeandika programu anaweza kuwa hodari na asikosee hata nukta, lakini kinachotoka upande wa pili kikawa kibovu. Ni kama fundi wa mawe mwenye mkono safi anayetumia kipimo kilichopinda. Nyumba itapinda, na watu watamlaumu yeye. Na hii si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha matokeo ya kazi yao ya kutunga programu za C kiholela na kuzilisha kompaila mbalimbali. Walipata hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zimejulikana, nyingine katika kompaila ambazo dunia nzima inaziamini.

Ndiyo maana kila kompaila ya maana inatembea na rundo la majaribio. GCC ina makumi ya maelfu ya faili ndogo ndogo za majaribio. Kila faili ni programu fupi, na ndani yake kuna maelezo ya kinachotarajiwa: hii igeuzwe bila matatizo, hii iendeshwe na ilete jibu sahihi, hii ikataliwe kwa sababu ina kosa mstari fulani. Mtu akiripoti hitilafu na ikarekebishwa, kwa kawaida programu iliyoifichua inawekwa kwenye rundo, mara nyingi ikiwa na nambari ya ripoti kama jina la faili. Kila kidonda kinaacha kovu, na kovu hilo linakaguliwa kila siku ili kidonda kisirudi.

Mtoto wa mkulima wa majani chai kutoka Othaya au Tetu anaielewa hii bila kusoma kitabu. Ukifika kituoni na kikapu, karani hakuulizi umesoma hadi darasa gani. Anamwaga majani na kuangalia: majani mawili na chipukizi, au sivyo? Yaliyokomaa kupita kiasi yanarudi nyumbani. Kwa kahawa ni hivyohivyo. Matunda yanamwagwa, mabichi yanatengwa na yaliyoiva kabla mashine haijaanza kumenya. Sisi watu wa mlima tumekulia kwenye majaribio. Hatukuyaita hivyo tu.

Utaniuliza, nani atakaa akikagua faili elfu hamsini moja baada ya nyingine? Hakuna. Hapo ndipo skripti zinapoingia. Unapakua msimbo wa GCC, unaunda folda nyingine ya kujengea nje ya folda ya msimbo, unaendesha configure ili skripti ikague kompyuta yako ina nini na inakosa nini, kisha unaandika make. Katika ujenzi wa kawaida, kompaila inajijenga mara tatu. Kwanza inajengwa na kompaila ya zamani uliyo nayo. Kisha ile mpya inajijenga yenyewe, halafu inajijenga tena. Matokeo ya hatua ya pili na ya tatu yanalinganishwa, na yakitofautiana ujenzi unasimama hapo hapo. Kompaila inatoa ushahidi dhidi yake yenyewe kabla hujaiuliza lolote.

Baada ya hapo unaandika make -k check. Hiyo -k ni muhimu: inaiambia make isikate tamaa sehemu moja ikifeli, iendelee na zilizobaki. Ukimaliza unapata faili za muhtasari zenye mistari inayoanza na PASS, FAIL au XFAIL. PASS ni jaribio limefaulu. FAIL ni limeanguka. XFAIL ni limeanguka lakini tulijua litaanguka, kasoro yake inajulikana na bado haijatibiwa. Napenda sana hiyo ya tatu. Ni mfumo unaokubali kusema hadharani, hapa bado hatujaweza.

Kompaila nyingine zina milango yake. Go ina skripti moja, all.bash, inayojenga kila kitu na kuendesha majaribio, na mambo yakienda sawa inamalizia kwa kukuambia kwamba majaribio yote yamefaulu. Rust ina x.py. LLVM ina check-all. Majina ni tofauti lakini mchezo ni uleule: jenga, jaribu, linganisha.

Neno la mwisho hapo ndilo lenye pesa, linganisha. Matokeo ya mara moja hayasemi mengi. Kazi yenyewe ni kuendesha majaribio kabla ya badiliko, kuhifadhi muhtasari, kuweka badiliko, kuendesha tena, kisha kutafuta mistari iliyokuwa PASS na sasa ni FAIL. GCC ina hata skripti ya kukulinganishia muhtasari mbili. Anayetaka badiliko lake likubaliwe katika GCC hutarajiwa kusema amelijaribu kwenye mashine ya aina gani na matokeo yakawaje. Ukijua kufanya hivi vizuri, unajua kitu ambacho wengi wenye digrii ukutani hawajawahi kukigusa.

Na hapa nina ugomvi na vyuo vyetu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Sitaji chuo, na hilo si la kulilia leo. Lakini nakumbuka mtihani wa programu tulioufanya kwa kalamu na karatasi. Unaandika C kwa mkono, mwalimu anaisoma kwa macho, anakupa alama. Hakuna kompaila iliyowahi kuiona programu ile. Mpaka leo hakuna ajuaye kama ilikuwa inafanya kazi. Nimeongea na wenzangu kutoka miji mingine ya hapa mlimani, na wengi wanacheka kwa sababu wanaijua karatasi hiyo.

Inachekesha kwa uchungu ukikumbuka historia. Miongo kadhaa iliyopita wazee wetu walichanga kwa harambee kujenga taasisi za ufundi Kimathi, Murang'a, Kirinyaga na Meru. Walitaka watoto wao wajue kazi ya mikono. Taasisi hizo leo ni vyuo vikuu. Ile ya Nyeri ikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mwaka wa 2012. Mwaka wa 2015 chuo hicho kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Data Science Africa, na ndani ya uwanja wake kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na semikondakta. Kwa hivyo asikuambie mtu kwamba mambo haya ni ya Nairobi na California pekee. Aina mpya ya kichakataji haiendi mbali bila kompaila inayoielewa, na kompaila hiyo haiaminiki bila majaribio. Kazi ipo hapa hapa, kilomita chache kutoka stendi ya matatu.

Kuna wanaosema majaribio ni anasa ya nchi tajiri. Wakumbuke Machi 2013. Wakati matokeo ya urais yalipokuwa yakionyeshwa kwenye skrini pale Bomas, kura zilizokataliwa zilipanda hadi zaidi ya 300,000 na nchi ikaanza kushika roho. Baadaye tume ya uchaguzi ilieleza kwamba programu ilikuwa na hitilafu iliyozidisha idadi hiyo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Hiyo haikuwa kasoro ya kompaila, lakini somo ni lile lile. Jaribio la mistari michache linaloingiza kura kumi zilizokataliwa na kuuliza kama zinatoka kumi lingeweza kuikamata mapema. Nchi iliyotoka kwenye damu ya 2007 na 2008 haikupaswa kutishwa na kosa la kuzidisha.

Najua jibu lako. Majaribio hayalipi kodi ya nyumba kule Majengo wala hayanunui unga. Ni kweli, na sitakudanganya. Hakuna atakayekutumia M-Pesa kwa sababu uliandika make check. Ujenzi wa GCC pamoja na majaribio yake kwenye laptopu ya mtumba unaweza kukula saa nyingi, feni ikilia kama pikipiki inayopanda King'ong'o, na stima ikipotea katikati unaanza kusaka ulipofika. Kwa hivyo anza na ndogo. Tiny C Compiler, iliyoandikwa na Fabrice Bellard, ni nyepesi kiasi kwamba hata mashine ya zamani inaijenga upesi, na ina make test yake. Ielewe hiyo mpaka uweze kumfafanulia mtu mwingine kila jaribio linafanya nini. Ndipo uende kwa wakubwa.

Na malipo yapo kwa wanaovumilia. Programu ya Google Summer of Code, ambayo GCC na LLVM wamekuwa wakishiriki, iliwahi kuwa ya wanafunzi pekee. Tangu 2022 si lazima uwe chuoni. Unatakiwa uwe umefikisha miaka 18 na uwe mgeni katika programu huria. Kwa sisi tuliotoka chuo kabla ya kofia na joho, hiyo ni habari kubwa. Ushindani ni mkali, na wanaochagua wanataka kuona umeshagusa mradi wenyewe. Ripoti nzuri ya hitilafu, yenye programu fupi inayoionyesha, toleo la kompaila, aina ya mashine na muhtasari wa kabla na baada, inasema mengi kukuhusu kuliko barua yoyote ya maombi.

Sasa nina maombi matatu.

Kwa vyuo vyetu vya mlimani: acheni kusahihisha programu kwa macho. Mwanafunzi alete msimbo pamoja na majaribio yake, skripti iviendeshe, matokeo yaseme. Hamhitaji jengo jipya kwa hilo.

Kwa serikali za kaunti: mnapofungua vituo vya dijitali, msitupe viti, bango na picha ya ufunguzi pekee. Tupeni mashine mbili tatu zenye nguvu, stima isiyokatika, na ruhusa ya kuacha kazi ikiendelea usiku kucha. Kijana wa Mweiga anaweza kuwasha majaribio jioni, apande matatu ya mwisho kurudi nyumbani, na asubuhi akute muhtasari unamngoja.

Kwa waajiri: kijana akikuletea kumbukumbu za majaribio badala ya cheti, zisome. Muulize kwa nini mstari ule ni FAIL na ule ni XFAIL. Dakika kumi za majibu yake zitakuonyesha anachokijua.

Na kwako wewe unayesoma hii kwa simu iliyopasuka kioo, ukisubiri mtu akuite kibaruani: cheti ni kizuri, na mwenye nafasi ya kukipata akipate. Lakini usikae miaka mitatu ukikingoja ndipo ujaribu. Tafuta kompyuta, hata ikiwa ni ya saiba kwa saa moja au ya binamu. Pakua msimbo. Jenga. Endesha majaribio. Ikianguka, soma ilianguka wapi, maana skripti haijui jina la baba yako, kijiji chako wala alama zako za KCSE. Itakuandikia ilichokiona, na kwa wengi wetu hiyo itakuwa mara ya kwanza kupimwa kwa haki.