Harry Alitakiwa Kufa

Ikitajwa filamu iliyotokana na kazi ya fasihi, sisi wapenzi wa vitabu tuna wimbo mmoja: wameharibu. Ukiuliza wameharibu nini, unaambiwa wameongeza wahusika, eti wamebadilisha mji. Malalamiko hayo yamenichosha. Hadithi ya kurasa kumi ukitaka ijaze saa moja na nusu, lazima uongeze. Kosa la Hollywood ya zamani ninalolisema mimi ni jingine: kumwokoa mtu ambaye hadithi ilishamuua.

Chukua The Snows of Kilimanjaro, aliyoichapisha Hemingway mwaka 1936. Mwandishi anayeitwa Harry amelala kambini porini, mguu unaoza kwa mkwaruzo wa mwiba alioupuuza. Anagombana na mkewe, anakunywa wiski, na kichwani zinapita hadithi alizojiwekea aziandike siku atakapokuwa ameiva. Hataziandika. Kisha ndege inakuja kumchukua, inampeleka hadi anapokiona kile kilele cheupe. Tunarudi kambini: fisi analia, mke anaamka, Harry amekufa. Ndege ilikuwa ndoto.

Mwaka 1952 studio ya 20th Century Fox ikatoa filamu yake, mwongozaji Henry King, Harry akiwa Gregory Peck. Mwisho wake je? Mke anakitumbua kidonda, kunakucha, ndege ya kweli inatua. Harry mzima!

Jamani. Kifo ndicho kinachozifanya zile kumbukumbu ziwe hasara. Harry akipona, hadithi ambazo hakuziandika zinageuka kazi ya wiki ijayo. Atarudi nyumbani, atapumzika, atakaa mezani aandike. Hasara yote imefutwa, na kilichobaki ni safari ya mgonjwa aliyepata nafuu. Pengo lenyewe wamelijaza mapenzi: Cynthia, mwanamke ambaye hayumo kwenye hadithi, anayechezwa na Ava Gardner. Huyo wa kubuni wanamuua bila kusita, kwenye vita vya Hispania.

Mhudumu Molo ameachwa na kazi yake ileile ya kuitikia "bwana". Hapo, kwa bahati mbaya, filamu imekuwa aminifu kwa Hemingway.

Najua utetezi unaokuja. Watazamaji wa enzi zile walitaka kutoka sinema wakiwa na furaha, na studio zilibanwa na kanuni za maadili. Kweli, kanuni zilibana, hasa mambo ya uzinzi, lakini hazikukataza shujaa kufa. Mwaka 1950 studio hiyohiyo, King huyohuyo na Peck huyohuyo walitoa The Gunfighter, na mle jamaa anapigwa risasi anakufa. Kwa hiyo waliweza. Kwa Harry hawakutaka tu.

Sasa linganisha na The Killers. Hadithi ya Hemingway ya mwaka 1927 ni fupi mno: wauaji wawili wanaingia mgahawani kumsubiri Mswidi, kijana anakimbia kumwonya, Mswidi anabaki kitandani anautazama ukuta. Kwa nini hakimbii? Hatuambiwi, na inaishia hapo. Filamu ya Robert Siodmak ya 1946 inaifuata kwa ukaribu dakika za mwanzo, kisha inabuni karibu kila kitu: mpelelezi wa bima, wizi wa mishahara, mwanamke msaliti (Ava Gardner tena). Ukipima kwa dakika, huu ndio uharibifu mkubwa zaidi. Na maelezo yao ya kwa nini Mswidi hakukimbia ni mepesi kuliko ule ukimya, hilo silibishi. Ila hawakumwokoa. Wauaji wanafika, anauawa mapema kabisa, na yote yanayofuata ni watu kuhangaika kumwelewa marehemu. Kila tunapomwona Burt Lancaster akicheka na Gardner tunajua ameshakwisha. Filamu nzima imesimama juu ya kile kitanda.

Tofauti hii inaonekana hata kwa chui. Hadithi ya Kilimanjaro inafunguka na mzoga wa chui uliokaukia karibu na kilele, na hakuna aliyewahi kueleza alikuwa akitafuta nini kule juu. Hemingway anamwacha palepale. Filamu inamfanya kitendawili, halafu mwishoni inampa Harry nafasi ya kukitegua: alifuata harufu isiyo yake, akapotea njia.