Saraka Pekee Haifungi Mlango

Kidhibiti cha mbali cha seva, kama iLO ya HPE au iDRAC ya Dell, hufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa. Anayeingia humo huiwasha mashine, huiona skrini yake akiwa mji mwingine, na akitaka husakinisha mfumo endeshi upya. Ni mamlaka makubwa, lakini katika vyumba vingi vya seva mafundi wote hutumia jina moja na nywila moja, na mmoja wao akiacha kazi hakuna kinachobadilishwa.

Waandishi wa toleo hili wanavutana juu ya njia mbili za kuunganisha vidhibiti na Active Directory, saraka ya Microsoft inayompa kila mtu akaunti yake. Njia ya kwanza hupanua skima ya saraka kwa aina mpya za vitu, na kwa iLO huruhusu kuweka mipaka ya saa na ya anwani za mtandao. Ya pili hutumia makundi ya kawaida: kundi la wenye ruhusa zote, na kundi la kutazama kumbukumbu tu. Ya pili inatosha. Kilichoongezwa kwenye skima hiyo hakifutiki, huzimwa tu, hata seva zilizokihitaji zikishaondolewa. Kwa makundi, akaunti ya fundi aliyeondoka ikifungwa kwenye saraka, vidhibiti vyote humkataa akijaribu kuingia tena.

Makala ya toleo hili kuhusu LDAPS, njia iliyosimbwa ambayo vidhibiti hutumia kuuliza saraka, inastahili kusomwa: kidhibiti kisichokagua cheti cha seva ya saraka kinaweza kumkabidhi nywila mtu baki.

Jambo ambalo pande zote mbili zimelipita ni IPMI, itifaki ya kusimamia seva kwa mbali kupitia kidhibiti hichohicho. IPMI, inayosikiliza kwenye bandari ya UDP 623, haiulizi saraka chochote. Huzitambua akaunti za ndani ya kidhibiti peke yake. Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alionyesha uzito wa kasoro ya IPMI 2.0: mtu anayejua jina la mtumiaji huomba kuingia, na kidhibiti humrudishia heshi ya nywila kabla hajathibitishwa. Heshi hiyo huibeba akaenda kuivunja kwa nafasi yake. Kasoro imo katika maelezo ya itifaki yenyewe, kwa hiyo kusasisha programu hakuiondoi. Makundi yapangwe vizuri namna gani, mlango huu hayaufungi.

Kwa hiyo, siku ileile kidhibiti kinapounganishwa na saraka, IPMI ya mtandaoni izimwe, nywila za kiwandani zifutwe, na ibaki akaunti moja tu ya ndani, yenye nywila ndefu, kwa dharura ya saraka kutopatikana.