KUHANGAIKA SI KAZI

Ndugu zetu wachimbaji wa Misisi na Lubichako, na ninyi wenyeji wa Baraka na Fizi, leo tunasema neno lisilopendeza: wengi wetu tunahangaika kutwa nzima, na kazi haionekani.

Tukumbuke yaliyotukia katika nchi yetu hii. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walivuka ziwa kutoka Kigoma, wakafika Kibamba, ili kuwasaidia wapiganaji wetu. Siku zilikwendaje? Kupanda mlima na kushuka, kubeba vyakula, kungoja amri za wakubwa waliokaa Kigoma na Dar es Salaam. Silaha zilishushwa ufukweni zikatawanyika ovyo. Kila mtu alikuwa na shughuli, lakini kazi yenyewe, yaani kufundisha jeshi na kuliunganisha, ilikawia. Tarehe 29 Juni wakashambulia Bendera, wakashindwa. Mwezi wa Novemba Wakuba wakavuka kurudi Kigoma. Baraka na Fizi zilikuwa zimekwisha kutekwa.

Wako watakaosema: adui alikuwa na ndege na askari wa kukodiwa. Ni kweli. Lakini Wakuba walivuka ziwa lile lile. Wakubwa mbona walikawia?

Na sisi leo? Mchimbaji anatwanga mawe, anaosha mchanga, anatafuta wa kumkopesha, anamlipa huyu, anamlipa yule. Jioni amechoka, kesho ni yale yale. Sheria ya Migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe katika ushirika. Basi ushirika ndio kazi! Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kuona daftari la ushirika wao? Na huku mjini, kamati inazaa kamati, hotuba inazaa hotuba.

Tusidanganyane: jasho peke yake si kipimo. Mkoloni naye aliwashughulisha baba zetu. Amri yake ya 1917 iliwalazimisha kulima hata siku 60 kwa mwaka, tena mazao aliyoyataka yeye. Walichoka sana. Nani alitajirika?

Mshika mbili, moja humponyoka. Tushike moja. Juma hili kila kundi la shimo lidai daftari: dhahabu iliyopimwa, bei yake, makato yake, na jina la aliyepokea. Lisomwe kwa sauti mbele ya wote. Shughuli nyingine zingoje.