Picha Iwe Ushahidi, Isiwe Hila

Mwalo wa Nkome, mkoani Geita, ni mahali pa kazi. Wavuvi huleta sangara na dagaa kutoka Ziwa Victoria, akina mama huanika, wachuuzi hupatana bei. Siku hizi mahali kama hapo hufika pia mtu mwenye kamera au simu, akapiga picha na kwenda zake. Picha hiyo yaweza kutokea kwenye bango la biashara, kwenye ombi la msaada huko Ulaya, au kwenye taarifa ya halmashauri, wala mvuvi asijue inasema nini juu yake.

Jambo hili si dogo. Nguvu ya picha za kushawishi imerithiwa kutoka picha za hali halisi. Mwaka 1904 mmisionari wa Kiingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha huko Kongo baba aliyekaa akitazama kiganja na mguu vya binti yake, vilivyokatwa. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa mikutanoni, zikachochea shinikizo ambalo mwaka 1908 lilimlazimisha Mfalme Leopold wa Pili kuiachia Kongo. Oktoba 1984 Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzia kazi yake Dar es Salaam, alipiga filamu ya njaa kule Korem, Ethiopia. Julai 1985 walimwengu wakachanga fedha katika tamasha la Live Aid. Hapa nchini, picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964 hadi leo ndiyo sura ya Muungano.

Picha hizo ziliaminiwa kwa sababu mpigaji alikuwapo, na mahali na wakati vilijulikana. Imani hiyo ndiyo mtaji wa matangazo ya leo. Tangazo huazima uso uleule wa huzuni au wa matumaini, likaacha jina, mahali na tarehe. Baada ya Korem, mtoto mwenye njaa asiye na jina aligeuzwa nembo ya Afrika nzima, hata mashirika ya misaada ya Ulaya yakalazimika kujiwekea kanuni za picha mwaka 1989.

Kanda ya Ziwa inalifahamu jambo hili. Filamu ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare*, ya mwaka 2004, iliionyesha Mwanza kama mji wa minofu iendayo Ulaya na mapanki yabakiayo kwa maskini. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliipinga hadharani. Hata hivyo, karipio halifuti picha. Picha hujibiwa kwa picha nyingine iliyo kamili zaidi, nayo haina budi kuwa tayari kabla ya shutuma kuja.

Wala kosa si la wageni peke yao. Kiongozi anayewapanga wanakijiji watabasamu mbele ya kisima kisichotoa maji anaitumia vibaya imani ileile. Wanakijiji wanaujua ukweli, na siku kisima kingine kitakapotoa maji kweli, picha yake haitaaminiwa.

Kwa hiyo, kila ofisi ya umma inayopiga picha haina budi kuandika mahali, tarehe na tukio, na kuomba ridhaa ya mwenye sura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuonyesha kwamba habari za mtu si mali ya kila apitaye. Walimu nao wawafundishe wanafunzi kuisoma picha kama wasomavyo maandishi: nani ameipiga, wapi, lini, na kwa faida ya nani? Maswali hayo ni ya lazima zaidi leo, ambapo kompyuta inaweza kutunga sura ya mtu asiyepata kuzaliwa.

Mvuvi wa Nkome akipigwa picha, anastahili kuoneshwa alivyo na kuulizwa kwanza. Taifa lisilomtendea hivyo litakosa haki ya kulalamika wageni watakapomchora wapendavyo.